Mama Pazia na Futi ya Kupimia Simu

Dada yangu ana miaka hamsini na minne, na mtaa mzima unamwita Mama Pazia, kwa sababu kwa miaka thelathini kila dirisha lenye adabu huku kwetu limevaa kazi ya mkono wake. Mimi ni mdogo wake, fundi simu. Tunatumia chumba kimoja cha kazi. Upande wa mlangoni ni wangu, wenye meza, nyaya na simu za watu zilizopasuka vioo. Upande wa ndani ni wake, wenye cherehani, majora ya vitambaa na meza ndefu ya kukatia. Mpaka wetu ni mstari wa chaki aliouchora mwenyewe sakafuni, na huuchora upya kila anapodhani nimeusogelea. Naona bora niseme ukweli tangu mwanzo: huwa nausogelea.

Zamani mtu akijenga, akihama au akioa, lazima apite kwa Mama Pazia. Siku hizi pazia linauzwa limeshashonwa, limekunjwa ndani ya nailoni kama shati, na watu wanalitundika hata kama limeishia katikati ya dirisha. Dada akipita mbele ya dirisha la namna hiyo anageuza uso. Kazi ilipopungua hadi akawa anashona foronya, nilidhani atakaa chini alie kidogo, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Badala yake akaenda kujiandikisha kwenye darasa la kutengeneza tovuti, kila Jumamosi asubuhi, na daftari lililovalishwa gazeti. Wenzake darasani walikuwa na umri wa kuwa wanawe. Wiki ya kwanza walimwita bibi. Wiki ya tatu wakawa wanakopi kwake. Hayo ni maneno yake, na dada yangu kutia chumvi anajua, lakini cheti alikileta na nikakishika kwa mikono yangu miwili.

Alianza na tovuti ya saluni, akafuatisha ya fundi bomba. Zote mbili zilikuwa nzuri, jambo ambalo sikumwambia. Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu. Niliona mtu mzima anaingia kwenye mambo ya watoto, na niliona siku moja watamcheka mbele yangu na mimi nitagombana na mtu.

Ndipo ikaja kazi ya ukumbi. Ni ule ukumbi mkubwa wa sherehe, wenye jina la Bosi juu ya mlango na funguo zote mkononi mwa mke wake. Yeyote aliyewahi kukodi pale anajua kwamba Bosi anakusalimia na Mama mwenye ukumbi anaamua. Walitaka tovuti yenye picha moja kubwa nyuma ya maandishi yote, picha ya harusi ya binti yao, iliyofanyika mle mle ukumbini kabla binti hajahamia mbali na mumewe. Katika picha hiyo bibi harusi amesimama kulia, bwana harusi kushoto, na katikati yao kuna nguzo iliyovishwa kitambaa cheupe. Kazi hii ikiwapendeza, walisema, atapewa na ukumbi wao wa pili.

Sasa, katika daftari la dada kulikuwa na agizo la mwalimu. Picha ya nyuma isitumwe moja kwa vioo vyote. Ukimtumia kila mtu picha kubwa, mwenye simu atasubiri hadi achoke na bando lake litaliwa bure. Ukimtumia kila mtu ndogo, kwenye kioo kikubwa itavutwa mpaka sura za watu zipotee. Kwa hiyo kata saizi kadhaa, kila kioo kipate chake. Dada alipoyasoma hayo aliona kama amerudi nyumbani. Kukata kwa vipimo vya madirisha tofauti ndiyo kazi iliyomsomeshea mwanawe hadi akawa mhandisi wa majengo.

Akavua futi shingoni na kuanza kupima. Kompyuta ya darasani, ambayo alikuwa ameshaipima siku nyingi, ilikuwa na upana wa sentimita arobaini na moja, na picha iliyoikaa vizuri ilikuwa na nukta elfu moja mia tatu na sitini na sita. Nukta ni vile vidoa vidogo vya mwanga vinavyounda picha kwenye kioo. Akagawanya, akapata nukta thelathini na tatu na kitu kwa kila sentimita. Baada ya hapo akavuka mstari wake mwenyewe wa chaki, akaja mezani kwangu na kupima simu za wateja, moja baada ya nyingine, huku akiandika upana wake mgongoni kwa chaki ya fundi. Mteja mmoja alikuja kuchukua simu yake, akakuta imeandikwa saba, akaniuliza kama hiyo ni namba ya foleni. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu maelezo ya kweli yangechukua asubuhi nzima.

Simu ya sentimita saba ilipewa picha ya nukta mia mbili na thelathini na tatu. Televisheni ya ofisini kwa Bosi, ambayo alikwenda kuipima kwa futi huku Bosi akiwa amekaa chini yake, ilikuwa na sentimita mia na ishirini, ikapewa picha ya nukta elfu nne. Hesabu ilikuwa safi. Tukafungua tovuti kwenye simu kumi na mbili zilizokuwa mezani kwangu, na kwenye zote picha ilikuwa ya kuridhisha, maana tulichotafuta ni ukungu, hatukutazama nani yumo.

Hapa napaswa kujilaumu, na sipendi. Simu zinazofika mezani kwangu ni zile ambazo wenyewe wamezikalia, wameziangusha kwenye ndoo, wamezirithi kwa kaka aliyezirithi kwa mjomba. Simu mpya zinazong'aa haziji kwangu. Zinapelekwa kwenye maduka yenye feni na kiti cha kusubiria. Dada alipima dunia nzima kwa kutumia simu za wagonjwa wangu, na mimi nilikaa pale nikamwangalia.

Siku ya kuonyesha kazi nilikwenda naye kubeba kompyuta. Alianza na televisheni. Ile picha ya nukta elfu nne ikaanza kushuka kutoka juu, kwanza dari, kisha taa, kisha ikapumzika. Bosi akaletewa chai. Dari likazidi kidogo. Bosi aliimaliza chai yake kabla bibi harusi hajapata shingo, na kwa kuwa ni mtu mstaarabu alisema tu kwamba dari lake limetoka vizuri.

Mama mwenye ukumbi hakungoja shingo. Alitoa simu yake, mpya, nyembamba kama kadi ya mwaliko, akafungua tovuti mwenyewe. Akaitazama. Akavaa miwani, akaitazama tena.

"Mwanangu yuko wapi?" akauliza. "Hapa naona nguzo. Na hata nguzo yenyewe ina ukungu."

Ilikuwa kweli. Simu imesimama wima, kwa hiyo ilikuwa imekata pembeni na kubakiza katikati, na katikati palikuwa na nguzo. Juu ya hapo, picha yote ilikuwa imefifia kama kitu kinachotazamwa kupitia mvuke wa sufuria. Mama mwenye ukumbi hakufoka, afadhali angefoka. Alisema atasubiri mpaka Jumamosi, na ikiwa bado hivyo, kazi itakwenda kwa kampuni moja ya tovuti yenye milango ya vioo.

Tulirudi chumbani. Dada alikaa mbele ya cherehani bila kuiwasha, mikono mapajani, na nikaona kwamba amezeeka tangu asubuhi. Nilishikwa na hasira. Nilimkasirikia yule mama, nikaikasirikia simu yake, nikamkasirikia hata mwalimu wa darasa. Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya ukuta, nikampigia mwanawe, ambaye ukoo mzima tunamwita Mhandisi. Nikamwambia njoo umchukue mama yako apumzike, anajidhalilisha mbele za watu. Neno hilo nililitumia mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, na wakati huo nilijiona mtu mwema.

Kesho yake asubuhi Mhandisi akampigia mama yake. Dada alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, kwa hiyo aliweka spika, na mimi nikasikia yote. Mhandisi aliongea kwa upole, kama anavyoongea siku zote. Chumba kipo tayari, mkwewe amechagua kitanda, wajukuu wanauliza bibi anakuja lini, na cherehani ataibeba aiweke sebuleni awe anashona nguo za wanasesere. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema sawa, njoo Jumamosi. Mama mwenye ukumbi akiikataa kazi, nitafunga chumba, nitapanda gari na nitakuja kupumzika kama mnavyotaka. Akiikubali, nabaki na msiniulize tena.

Mimi nilikuwa nimeinamia simu ambayo haikuwa na ubovu wowote. Nilijua dada yangu akiahidi ameahidi. Na nilijua nguo za wanasesere zitammaliza haraka kuliko ugonjwa.

Siku ya Jumanne alivuka mstari tena, akaomba lenzi yangu, ile ninayoitumia ninapochomelea nyaya ndogo. Akauliza kama nina simu mpya yoyote. Sikuwa nayo, na swali lenyewe liliniumiza. Akatoka, akarudi na simu ya mwenye duka la dawa, ambaye dada aliishonea mapazia nyumba yake yote, kwa hiyo hakuweza kukataa. Akailaza mezani kando ya simu kuukuu ya mteja, zote mbili zina upana wa sentimita saba, zote mbili zinaonyesha picha ya nguzo. Akaiweka lenzi juu ya moja, kisha juu ya nyingine. Alirudia mara nne, kisha akaniita.

Kwenye ile kuukuu niliona nukta moja moja, zimetapakaa kama maharage kwenye mkeka, ungeweza kuzihesabu. Kwenye ile mpya nilitafuta nukta sikuziona. Zilikuwa ndogo mno na zimebanana mno, na baadaye tulijua ni zaidi ya mara nne ya zile za mwenzake, katika upana uleule.

"Mdogo wangu," dada akasema taratibu, "nimepima upana wa kitambaa, nikasahau kuhesabu nyuzi."

Gunia na hariri vinaweza kuwa na upana mmoja, alinieleza, na hakuna fundi anayevikata kwa hesabu moja. Jambo hilo alilijua tangu akiwa binti. Alilisahau kwa sababu safari hii kitambaa kilikuwa kioo. Na ile televisheni ya Bosi, pamoja na ukubwa wake wote, huenda ni gunia tu, ina nukta chache kubwa kubwa, na yeye alikuwa ameikatia hariri ya kufunika mtaa. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa gauni, na mimi nikacheka naye, ila sikuisahau ile simu niliyopiga nyuma ya ukuta.

Kuanzia hapo alifanya kazi kama mtu aliyeibiwa akamwona mwizi. Futi ilirudi shingoni. Alitafuta kwenye kila kifaa idadi ya nukta zake, akaziandika kwenye daftari, na televisheni kweli ikaonekana ina nukta elfu moja mia tisa na ishirini tu, chini ya nusu ya alizokuwa ameipa. Akakata picha saizi tano, akaipa tovuti zote tano, kila kifaa kikifika kijichagulie inayokitosha. Halafu akaanza kuzipunguza uzito. Alikuwa anapunguza kidogo, ananiuliza kama naona tofauti, nasema sioni, anapunguza tena, mpaka niseme naona, kisha anarudi hatua moja. Macho yangu yalitumika siku mbili nzima na hakuna aliyeniuliza kama yana kazi nyingine.

Ikabaki nguzo. Akiivuta picha kumleta bibi harusi katikati ya simu, bwana harusi anapotea. Akimleta bwana harusi, bibi harusi hayupo. Yeye hakuwa na leseni ya kuwaachanisha watu, alisema. Akaenda kuomba picha zote za harusi ile, mia nne na zaidi, akazipitia moja moja Alhamisi yote na nusu ya Ijumaa. Mwishowe akapata moja iliyopigwa mlangoni, watu hawajajipanga. Bibi harusi anamrekebishia mumewe kola, wamekaribiana, anacheka na macho yamefumbika kidogo. Pembeni kulikuwa na kidole gumba cha mgeni fulani, akakikata. Hiyo ikawa picha ya simu zilizosimama, na ile ya nguzo ikabaki kwa vioo vipana.

Jumamosi asubuhi Mhandisi alifika. Alikuwa ameshalaza viti vya nyuma vya gari ili cherehani ipate nafasi. Nilipoviona vile viti nilitamani kurudi nyumbani, lakini dada alinikabidhi kompyuta niibebe, na tukaenda wote watatu.

Safari hii picha ilijaa kwenye televisheni kabla Bosi hajainua kikombe, na nadhani alisikitika kidogo, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa chai ndefu. Dada hakumtazama. Alikuwa anamtazama Mama mwenye ukumbi, ambaye alikuwa ameshatoa simu yake na kuvaa miwani kabisa, tayari kwa nguzo. Nilianza kuhesabu moyoni. Sikufika tatu.

Mama mwenye ukumbi aliitazama ile picha ya mlangoni. Akaweka vidole viwili juu ya kioo, akaipanua kidogo mpaka uso wa binti yake ukasogea karibu, na haukufifia, ukope kwa ukope.  Bosi akamuuliza vipi, akamgeuzia simu aone. Mhandisi alinitazama mimi, mimi nikatazama sakafu.

"Hivi ndivyo anavyocheka," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Kisha akavua miwani, akaifuta, akarudisha sauti yake ya kawaida na kumuuliza dada kuhusu ukumbi wa pili, ataweza kuanza lini.

Dada alisema Jumatatu. Alisema hivyo bila haraka, akaomba maji ya kunywa, akaimaliza glasi nzima kwa mkupuo mmoja.

Mhandisi alifungua tovuti kwenye simu yake. Aliisimamisha, akapata picha ya mlangoni. Akailaza ubavu, ikaja ya nguzo na wote wawili. Akaisimamisha tena, akailaza tena. Alimuuliza mama yake ameifanyaje, na dada akamweleza, dirisha jembamba na dirisha pana, nyuzi na upana, na mwanawe, mtu anayejenga majengo, akasikiliza hivyo hivyo wima bila kumkatiza. Usoni mwake niliona kitu ambacho mimi nilipaswa kuwa nacho miezi mingi iliyopita. Alikuwa anajivunia mama yake, basi.

Tulipofika kwenye gari alisimama akikwangua rangi iliyobaki kwenye kucha. "Chumba tulishakipaka rangi, mama," akasema.

"Nitakuja wiki ya pili, mwanangu," dada akamjibu. "Nitakuja mgeni. Mgeni anapewa kitanda kizuri, halafu anarudi kwake."

Mhandisi alicheka, akamkumbatia, akainua viti vya nyuma kimoja kimoja na kuondoka.

Tukarudi chumbani, kila mtu upande wake. Nilijaribu kufungua simu moja, bisibisi ikanishinda. Nikaona bora niseme yaishe. Nikamwambia dada kwamba ni mimi niliyempigia Mhandisi, siku ile ya ukungu, na nikamtajia hata lile neno nililolitumia, kwa sababu nisingelitaja ningekuwa nimeungama nusu.

Hakushtuka. Alimaliza kukunja kitambaa alichokishika, akakiweka juu ya jora, akaketi kwenye kigoda chake akiwa amenielekea.

"Uliogopa kwa ajili yangu," akasema. "Kuogopa ni haki yako, mimi ni dada yako. Ila kunisemea, wakati niko hapa na mdomo ninao, hiyo haki nani kakupa?"

Nikamwomba dada msamaha. Wanaonijua wanajua kwamba hiyo peke yake ni habari.  Akasema amesikia, na Jumatatu saa mbili asubuhi atanihitaji kule ukumbi wa pili, mimi na macho yangu.